Weusi wa Sarafu

Akimana alifungua kasha, akashtuka. Sarafu ya fedha ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya.

Asubuhi sarafu hiyo ilikuwa bado na weusi wake. Walioitengeneza sarafu hiyo ya ukumbusho waliuweka makusudi, ndani ya mistari ya chungu cha kale kilichochorwa juu yake, ili kionekane kama kimefukuliwa sasa hivi kutoka vilima vya Rwanda. Sasa mistari ilikuwa imefifia, na chungu kimebaki laini kama shavu la mtoto.

"Ilikuwa na masizi," alisema mama mkwe wake, aliyesimama karibu na jiko. "Nimeisugua na majivu. Mgeni hapewi kitu kichafu, mwanangu."

Sebuleni mgeni alikuwa akicheka na mume wa Akimana. Ndiye mwenye sarafu. Alimwazima Akimana ili aipige picha, na leo ameijia.

Jana tu mumewe alikuwa amesema, "Mama akiharibu kitu kingine, namrudisha Bujumbura." Na huko Bujumbura hakubaki mtu wa kumfungulia mlango.

"Akimana, lete ile sarafu," mumewe aliita.

Mama mkwe alimtazama Akimana usoni, halafu akavitazama vidole vyake mwenyewe, vyeupe kwa majivu. Akaanza kuvificha kwenye kitenge.

"Nimekosea?"

"Hapana, Mama. Nawa mikono."

Akimana alichovya vidole vyake kwenye bakuli la majivu, akavisugua mpaka kwenye kucha, vikawa vyeupe kama vilivyokuwa vya mama mkwe. Kisha akaichukua sarafu, akaenda sebuleni.