Sinema ya Mara ya Kumi na Mbili

Mfuko ulikuwa umeshafungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira, lakini Thacienne akasema anataka kwanza kuangalia sinema.

"Mama, mvua inakuja," akalalamika Tuyizere, mwenye pikipiki, mgeni kutoka Walikale. "Njia ya kwetu ikilowa, si pikipiki itatubeba. Sisi njo tutaibeba."

"Utangoja. Ingia, benchi iko."

Ukumbi wa kijiji cha Karuba ulikuwa nyumba ya mbao, televisheni moja, na watu thelathini waliotoka misa ya Jumapili. Sinema yenyewe Thacienne alikwisha kuiona mara kumi na moja. Fundi wa redio anampenda mwimbaji wa harusi, mwimbaji anamwacha, fundi anabaki akimpigia mbwa gitaa, mpaka mbwa naye anaondoka. Watu wakacheka. Thacienne hakucheka. Alikaa kama mtu aliyetua gunia la viazi na bado analisikia mgongoni.

Sinema ilisema Kiingereza. Nyuma ya pazia, Polycarpe alishika mikro, kipaza sauti chake, na kugeuza maneno ya sinema kwa Kiswahili, sauti zote yeye: mwanaume, mwanamke, mama mkwe. Hakuna aliyewahi kumuuliza Kiingereza alijifunzia wapi. Fundi alipofumbua kinywa, Polycarpe akasema, "Tangu uende, hata ugali unanitazama kwa huruma," na wanawake wakapiga makofi.

"Huyu kaka iko na asali mu kinywa," Tuyizere akanong'ona. Mvua alishaisahau.

"Iko nayo."

"Na weye, Mama, bwana yako alikukosea nini?"

"Hakuna. Hanipigi, halewi, ng'ombe anakama mwenyewe. Lakini miaka tisa, akiingia ni 'Chakula iko?' Akitoka, 'Funga mlango.' Nilipougua karibu kufa, alikaa pa kitanda siku tatu, kimya kama jiwe. Nimechoka kuishi na jiwe, hata kama ni jiwe zuri. Naenda kwa mama yangu."

"Anajua?"

"Asubuhi alikuta mufuko pa mlango. Akauzunguka, akaenda kazi."

"Kazi, Siku ya Mungu?"

"Kazi yake iko ya Siku ya Mungu."

Tuyizere akatikisa kichwa. "Angesema nusu tu ya maneno ya huyu wa mikro..."

"Ningerudisha mufuko ndani," Thacienne akasema. "Nusu ni mingi. Robo inatosha."

Kwenye televisheni, mwimbaji aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya treni. Fundi alikuja mbio, gitaa linamgonga mgongoni. Ukumbi ukanyamaza, kwa maana hapa ndipo Polycarpe alipowatoa watu machozi kila mara. Thacienne akainuka na kujifunga kitenge vizuri. Asikie hili moja, kisha aende.

Fundi akafumbua kinywa. Sauti haikuja.

Midomo yake ikaenda, ikaenda, bure.

"Sauti!" watu wakapiga kelele. "Polycarpe, umelala?"

Mikro ikakohoa.

"Mke wangu," ikasema, polepole, kama mtu anayevuka daraja bovu. "Usiende kwa mama yako. Mimi bila weye..." Ikakwama.

Tuyizere akaangua kicheko. "Leo amepotea! Huyu binti hata hajaolewa!"

Wengine hawakucheka. Pazia lilikuwa limefunguka, na Polycarpe alisimama wazi mbele ya watu wote, jasho likimtiririka, macho yake kwenye benchi la nyuma.

"Thacienne," akasema, "niko nasema na weye."

Thacienne akaketi tena, taratibu.

"Zima kwanza hiyo sinema," akasema. "Na mikro uweke chini. Kisha useme tena."