Jina la Mpwa

Noahtubbi, mkuu wa mji mmoja wa Wachoktawi, wenyeji wa asili wa Marekani, alifika kwa dada yake akiwa na karatasi mkononi. Vita vya Wazungu wa Kaskazini na wa Kusini vilikuwa vimewafikia. Baraza la Wachoktawi lilikubali kuungana na Kusini, na sasa kila mji ulitakiwa kutoa vijana ishirini.

"Nimeandika kumi na tisa," alisema.

Dada yake, Pisahoke, aliacha kutwanga mahindi. Kwa mila yao mjomba ndiye mlezi wa mtoto wa dada, na Tushka, mwana wa Pisahoke, alilelewa na Noahtubbi tangu alipoanza kutembea.

"Umekuja kama mkuu au kama mjomba wake?"

"Sijui, dada yangu."

"Hao wa Kusini si ndio waliochukua ardhi ya mama zetu?"

"Ndiyo. Na serikali ya Kaskazini ndiyo iliyotoa amri tuhamishwe. Nimewaza mpaka kichwa kinaniuma."

Tushka alitoka ndani, buti tayari miguuni. Alichukua ile karatasi, akaandika jina lake mwenyewe, akairudisha.

"Mjomba, tukishinda, tutakuwa tumeshinda nini?"

Kijana akapanda farasi. Mjomba akaishika hatamu, wakaenda hivyo polepole kuelekea njia panda. Pisahoke aliwatazama kutoka mlangoni, asijue kama kaka yake anamwongoza yule farasi au anamzuia.