Mkuu wa Kinu

Wiki nzima Shomari alikuwa anasaga dunia, na watu wa Bunda walikuwa wanampigia makofi.

Alisagia ndani ya ghala lililowahi kuwa la pamba. Miaka ya dhiki ghala lilibaki na panya tu. Ilipokuja miaka ya ruksa ya biashara zikaingia deki ya video, televisheni na jenereta. Picha zilikuwa za Wazungu wanaopigana angani, kanda baada ya kanda, mfululizo usiojua kwisha. Shomari alisimama pembeni na maikrofoni akitafsiri. Kiingereza hakukijua. Alitafsiri hivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Silaha za picha zile watazamaji walizijua kuliko majembe yao. Kulikuwa na Wembe, unaokata ndege katikati. Kulikuwa na Fagio, likipita juu ya mji hakibaki hata kibanda. Lakini baba lao lilikuwa Kinu, dude la chuma lenye mdomo mpana, linalomeza dunia nzima na kuitema unga. Majina yote aliyatunga Shomari. Kinu kilikuja na kanda ya sita, na kanda ya sita ndiyo iliyojaza ghala.

Kabla ya kusaga, Mkuu wa Kinu huongea muda mrefu akiwa amewapa watazamaji kisogo, midomo yake haionekani. Hapo Shomari alimpa sauti ya Nyamhanga, nzito, ya polepole, inayoanza na kikohozi.

"Nyie watu wa chini huko, mmekula lakini?" Mkuu aliuliza. "Mimi nilikuwaga mpole, bhana. Mmekula?"

Ghala lote lilicheka mpaka machozi. Ndivyo alivyokuwa Nyamhanga, mwenzake Shomari katika biashara ile. Hata akukute unagombana na mkeo, kwanza angeuliza kama mmekula.

Nyamhanga alikuwa kaburini, kijijini kwao Mugeta, tangu masika. Yeye ndiye aliyekwenda Mwanza kuifuata kanda ya sita. Hakutaka. Alisema barabara imeharibika kwa mvua, wangoje kidogo. Shomari akamwambia wateja hawangoji, kama anaogopa aseme. Lori lilipinduka wakati wa kurudi. Kanda ilikutwa ndani ya koti lake, haina hata mkwaruzo. Matangani Shomari alikaa nyuma kabisa, akiogopa macho ya mama wa marehemu.

Alijua anafanya vibaya, na ilimuuma. Umemtuma mtu akafa, halafu unaichukua sauti yake kuchekeshea watu! Kila jioni alijiapia kuwa kesho hataiga. Kesho yake ghala likijaa, kikohozi kilimtoka chenyewe.

Jumatano ile kanda ilikuwa imeshaanza wakati Kasmiri, mkusanya viingilio mlangoni, alipomjia mbio.

"Mama Ghati yuko nje, mama yake Nyamhanga," akamnong'oneza. "Ameniuliza, 'Ni hapa anapoongeaga mtoto wangu?'"

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na kwanza alipita hapo kwa mama ntilie, amemaliza sahani nzima ya ugali. Mtu akishiba hivyo, kaka, amekuja na lake."

Mama Ghati aliingia amevaa kitenge cha kanisani, amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Vijana wakampisha benchi la mbele. Akalegeza kitambaa cha kichwani mpaka masikio yote mawili yakabaki wazi. Shomari aliwahi kuwaona wanawake wakifanya hivyo sokoni kabla ya kuvaana. Kisha mama akafumba macho, kama asiyetaka hata kuiona hiyo televisheni.

Mkuu wa Kinu akatokea, kisogo kikiwa kwao. Watu wakajiweka sawa kucheka.

Shomari akainua maikrofoni. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyejulikana.

"Ndugu zangu," Mkuu akasema, "leo sisagi. Nimewaonea huruma. Nimekosa mengi, hili siliongezi."

Kwenye televisheni Kinu kikafungua mdomo, kikaimeza dunia na milima yake.

"Mbona inasagika?" mmoja akapiga kelele.

"Huyo siyo Mkuu! Turudishie Mkuu wetu!"

Gunzi la hindi likaruka, likampata Shomari begani. Hakujali. Aliendelea na sauti ile nyembamba mpaka kanda ikaisha. Alitoka jasho, lakini kwa mara ya kwanza tangu masika alijiona amefanya jambo la haki. Alipotupa jicho mbele, Mama Ghati alikuwa amefumbua macho, anaangaza huku na huku.

Watu walitoka wakinung'unika. Mama Ghati alibaki benchini. Shomari akazima jenereta, akaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nisamehe. Sauti ya mwanao niliifanyia mzaha. Leo nimeiacha. Naapa haitasikika tena humu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mama yule, na hakuyafuta.

"Usiape, mwanangu," akasema. "Tangu masika chakula nilikuwa silagi. Leo nimekula sahani nzima, ili akiniuliza nimjibu."

Akakifunga tena kitambaa chake, akainuka.

"Nitalala kwa dada yangu hapo Nyasura. Kesho nakuja tena. Mwache asage."