Sanduku la Safari ya Mwezi Mmoja

Salha alitandaza ramani mezani akamwonyesha mama yake njia ya treni: Lisboni, Madridi, Parisi, Viena, mpaka Budapesti. Mwezi mzima wa kushuka na kupanda, akimtafuta kaka yake Abeid.

Sheria haikumwacha mtu. Anayekwenda Ulaya humwacha ubalozini ndugu yake wa damu, naye hulazwa usingizi mpaka msafiri arudi. Abeid alimwacha baba yao, akasema anakwenda kutembea tu. Hakurudi, na mzee hajaamka. Kila Idi Salha na mama yake huruhusiwa kuingia kumkata kucha.

Sasa ilikuwa zamu ya mama kulala.

"Nikimpata Abeid nitamrudisha hata kwa kumburura," alisema Salha. "Wewe na baba mtaamka pamoja."

"Inshallah, mwanangu. Waambie wanilaze karibu naye." Mama akaikunja ramani. "Na Idi hii, nani atatukata kucha?"

"Nitakuwa nimesharudi, mama!"

Mama aliitikia kwa kichwa, akaenda kuoga.

Salha akainua sanduku alilofungiwa na mama. Lilikuwa zito mno. Akalifungua apunguze nguo, na chini ya masweta akakuta vyeti vyake vyote vya shule, herini za dhahabu za marehemu bibi, na picha ya harusi ya wazazi wake iliyotolewa kwenye fremu.

Alivitazama vitu vile mpaka maji ya bafuni yakanyamaza. Kisha akavifunika kwa masweta, akafunga zipu.