Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Saumu alirudisha gari gereji siku ya pili tu baada ya kulichukua. Lilikuwa limegongwa ubavuni, likanyooshwa, likapakwa rangi, likang'aa. Lakini kila akikata kona, gurudumu la kushoto lilikuwa likigonga ko, ko, ko. Na kesho asubuhi angepakia watoto wa chekechea kama kawaida yake.

Fundi Shebe alifungua boneti, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho.

"Injini nzima, mama. Hiyo ni bodi tu, ikinyooshwa hulalamika kidogo. Itazoea."

Saumu akamtazama. Mlio uko kwenye gurudumu, na huyu bwana anasikiliza injini, tena gari limesimama. Ni kama hataki kuusikia.

"Na vile vyuma vya gurudumu nilivyokulipa ununue, ulibadilisha?"

"Vipya kabisa."

"Basi endesha wewe. Tushuke mteremko wa mtoni, turudi."

"Nina kazi za watu, mama."

"Na mimi nina watoto wa watu."

"Mpeleke mama akapunge upepo, Shebe," mafundi wenzake wakacheka.

Shebe akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akaingia. Saumu akakaa kando yake. Mafundi wa mji ule hawafungi mkanda hata wakienda safari ya mbali. Shebe akauvuta wake, ukakwama, akauvuta tena, akaufunga. Kisha akashika ufunguo, akabaki ameushika, macho yake kwenye mteremko.