Jembe la Injini la Bigwa

"Mkinisogelea shauri yenu. Meno haya hayajui mke wala shemeji," alisema Mikidadi, akiligonga jembe la injini kwa kijiti.

Wanawake wa ukoo wa mkewe walisimama ukingoni mwa shamba, vikapu vimefunikwa kanga, wakamsikiliza kwa adabu. Nguo zikazwe kiunoni. Mawe na visiki viondolewe mapema. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mizizi ikinasa, injini izimwe kwanza.

"Na tukitaka kukuita, baba Mosi?" aliuliza Mwanaheri, mkewe.

"Msiniite. Mwendeshaji akigeuka nyuma, mashine inakwenda kombo. Ninyi fuateni kwa mbali, mwokote mawe yanayofukuliwa."

"Tumesikia."

Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na Mikidadi alikwisha choka kuwa mgeni katika shamba la mkewe. Sasa shamba lenyewe lilikuwa limepumzishwa, magugu tele, na amri ya Wadachi ilikuwa fupi: penye chakula cha wenyeji pabaki kwao, penye pori pachukuliwe. Bwana Lutze, mlowezi mwenye uchu wa pamba, alikuwa na hakika ya kulipata hata akaamua kulilima kwa mashine yake kabla bwana mkubwa wa boma hajaja kukagua. Mikidadi aliahidiwa kipande chake mwenyewe. Kwa kipande hicho angelima hata sebule ya mama mkwe.

Injini ikanguruma. Mikidadi akaenda kifua mbele, macho mbele. Nyuma yake wanawake wakainama, wakainuka, wakasawazisha udongo kwa nyayo. Alipozima mashine, akachungulia vikapu. Vitupu.

"Hata jiwe moja? Mmekuja kutembea?"

"Mawe tuliyatoa jana, baba Mosi. Si ulisema yatolewe mapema?"

Mikidadi akaguna. Wanawake wa ukoo huu walimchosha.

Masika yakaanza. Bwana Lutze akapanda treni kwenda Dar es Salaam kufuata mbegu za pamba, akamwacha Mikidadi bandani kwake Mwembesongo, mbali na shamba, alinde mashine, asibanduke. Mikidadi hakubanduka. Aliing'arisha, akawahutubia wapita njia jinsi alivyolima peke yake shamba ambalo ukoo mzima wa mkewe ungelitolea jasho mwezi mzima. Sifa zilimkolea, akanenepa.

Bwana Lutze alirudi baada ya wiki tano, asubuhi ya ukaguzi, akafuatana na bwana mkubwa moja kwa moja hadi shambani Bigwa. Alitaka mashine nayo ionekane, kwa hiyo Mikidadi akaisukuma kuupanda mlima, kichwa kimezama kati ya vipini, jasho likimwingia machoni. Alipofika, Wazungu walikwisha simama ukingoni. Mwanaheri alikuwapo pia na dada zake.

"Nani amelima hapa?" aliuliza bwana mkubwa.

Mikidadi hakungoja hata kuvuta pumzi. "Mimi, bwana mkubwa. Kwa mikono yangu hii. Hakuna mwingine."

"Na huyu mwanamke?"

"Mke wangu."

Bwana mkubwa akamgeukia Lutze. "Basi shamba lina wenyewe."

Ndipo Mikidadi alipoinua kichwa. Kila alipopita na jembe lake, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na maboga yakitambaa katikati.