Daftari la Sala

Kila mwezi katekista Anselmi alikwenda kwa Sista Dafrosa, mlezi wake wa kiroho, na daftari la sala alizotunga mwenyewe. Alizisoma kwa sauti, naye sista alisikiliza huku akipiga pasi vitambaa vya altare.

Siku hiyo hakulifungua.

"Nimerudi nyuma, Sista. Miaka kumi na minane nawaombea wagonjwa wa watu. Jana mke wangu kazidiwa, nikapiga magoti, hata Baba Yetu ikanipotea."

"Ukafanya nini?"

"Nilimshika miguu tu. Ilikuwa baridi."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka ikapata joto."

Sista aliweka pasi pembeni. "Na sasa hivi, Mwalimu, nani amemshika?"

Anselmi alimtazama, akanyanyuka bila kuaga.

Alikuwa getini kengele ya sala ya adhuhuri ilipolia. Siku zote ndiye aliyewasimamisha watu njiani wasali. Leo alivua kofia, akaishika mkononi, akazidi kukaza mwendo.

Sista aliliona daftari kitini. Alitaka kumwita, lakini badala yake akalifunika kwa kitambaa kilichokuwa bado na joto la pasi.